Saruji tumerithi jina, elimu yake tumeitupa



Tunapenda kubishana juu ya mambo makubwa makubwa: Muungano, uchaguzi, nani kauza ardhi ya nani. Leo naomba tuzungumze siasa ya kitu kidogo, nacho ni chupa tupu. Msicheke. Chupa iliyovunjika ufukweni Nungwi na nyumba inayopanda hapa Ibra ninapoishi ni khabari moja.

Nianze na neno lenyewe. Saruji, tunayoita simenti, ilitoka wapi kwenye lugha yetu? Asili yake ni saruj, na huku Oman saruj bado unaweza kuigusa kwa mkono. Wazee wa Dakhiliya na Sharqiya walichukua udongo wa mfinyanzi, wakaukausha, wakauchoma kwa magogo ya mitende, wakauponda mpaka ukawa unga, kisha wakauchanganya na chokaa. Kwa unga huo walipiga lipu mifereji ya aflaj, matangi ya maji na kuta za ngome. Mwaka 2006 UNESCO iliandika aflaj tano za Oman katika urithi wa dunia. Nne ziko katika mikoa yetu hii: Daris ya Nizwa, al-Malki ya Izki, al-Khatmeen ya Birkat al-Mouz, na al-Jeela upande wa Sur. Maji bado yanapita.

Siri ya saruj ni nini? Udongo uliochomwa una silika, na silika ikisagwa laini hushikana na chokaa na maji ikawa jiwe, hata chini ya maji. Warumi walifanya hivyo kwa majivu ya volkano. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos wameichunguza saruj kwa ajili ya kutengeneza majengo ya kale, kwa hiyo hizi si hadithi za bibi.

Sasa tazameni chupa. Kioo cha chupa ni silika kiasi cha asilimia 70. Kilichobaki ni magadi na chokaa. Na simenti ikikutana na maji hutoa chokaa ya ziada ndani ya zege, chokaa ambayo haina kazi kubwa. Unga wa kioo huikamata chokaa hiyo na kuigeuza gundi, kama saruj ilivyofanya. Kwa hiyo unaweza kuondoa asilimia 10 mpaka 20 ya simenti na kuweka unga wa chupa mahali pake. Simenti yenyewe inatoa karibu asilimia 8 ya hewa chafu ya kaboni inayozalishwa na binadamu duniani. Kila mfuko unaookolewa una maana.

Najua mafundi watasema: chupa kwenye zege? Itapasuka! Na wana haki. Ukivunja chupa ukazitia vipande vipande kama kokoto, magadi yaliyomo kwenye simenti hukishambulia kioo, ukatokea utomvu unaonyonya maji na kuvimba. Zege hupasuka kutoka ndani, pengine baada ya miaka. Ugonjwa huu ulielezwa California mwaka 1940. Lakini kioo hicho hicho kikisagwa kama unga wa ngano, chini ya sehemu 75 za milimita iliyogawanywa mara elfu, badala ya kuupasua ukuta huutibu. Tofauti ya sumu na dawa hapa ni kinu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoshindilia chupa zima zima kwenye kuta na kusema wameokoa mazingira.

Hili si jambo la maabara tu. Wenzetu walioko Canada nendeni Montreal, kisiwa cha Île-des-Sœurs, mkaangalie madaraja mawili ya Darwin. Yamejengwa kwa zege ambalo asilimia 10 ya simenti yake imebadilishwa kwa unga wa kioo, chupa kiasi cha 70,000. Tena ni mahali penye barafu na chumvi ya kumwagwa barabarani. Mwaka 2020 Wamarekani walitoa kanuni rasmi ya viwango, ASTM C1866, kwa ajili ya unga huu. Mtu wa Sur, kama mtu wa Malindi au Wete, anajua chumvi ya bahari inavyokula nondo. Unga wa kioo hulifanya zege lizibe vizuri zaidi, chumvi ikachelewa kufika kwenye chuma. Basi sisi watu wa pwani ndio tungekuwa wa mwanzo.

Kwa nini hatumo? Jibu langu ni la siasa, si la uhandisi.

Kwanza, chupa hazina mwenyewe. Sote tuliokulia Afrika Mashariki tunakumbuka: hupati soda dukani bila ya kurudisha chupa tupu au kuweka pesa ya chupa. Ulikuwa mpango mzuri. Lakini chupa za mvinyo na pombe kali zinazoingia Zanzibar kwa ajili ya mahoteli hazirudi kokote. Faida inaondoka na hoteli, vigae vinabaki kwa mwanakijiji. Wako wanaojitahidi, kama Chako pale Unguja wanaozikata chupa wakafanya bilauri na taa, lakini ufundi wa zawadi za watalii hauwezi kumeza chupa za kisiwa kizima. Ujenzi unaweza. Huku Oman nako, chupa za Vimto za Ramadhani na vipande vya vioo vya madirisha kutoka sanaiya vinakwenda jaani.

Pili, hakuna mnunuzi. Hakuna mtu atakayenunua kinu na kulipa umeme wa kusaga, ambao si mdogo, ikiwa hajui nani atanunua unga. Mnunuzi wa mwanzo lazima awe serikali. Masharti ya zabuni yaruhusu unga wa kioo, tuanze na matofali ya kutandika njiani, kingo za barabara na mitaro, vitu ambavyo vikikosea havimuui mtu. Tupime nguvu siku ya 28, na tupime tena siku ya 90, kwani zege hili hukua polepole. Likithibiti, ndipo tupande kwenye nguzo na slabu.

Tatu ni sisi wenyewe. Pesa tunazotuma kutoka Maskati, London na Toronto zinakwenda kwenye matofali. Mchanga Unguja umekuwa adimu mpaka SMZ ikalazimika kuudhibiti kwa vibali, na mashimo yamebaki palipokuwa mashamba. Simenti inakuja kwa meli. Sisi tunauliza bei ya mfuko tu.

Wapo watakaoniuliza: msikiti utajengwaje kwa chupa za ulevi? Mimi si sheikh, lakini tunasoma kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza vyombo vya ulevi mwanzo, kisha akaviruhusu, akabakisha katazo la kilevi chenyewe. Kioo ni mchanga ulioyeyushwa. Kinaoshwa, kinasagwa, kinakwisha jina lake. Masheikh wetu watoe kauli, watu watulie. Zaidi ya hapo naona haramu kubwa ni kuacha vigae kwenye mchanga ambapo kina mama wanaingia baharini kulima mwani.

Ninachotaka ni kidogo. SMZ iweke pesa ya chupa kwa kila chupa inayoingia hotelini, irudishwe chupa inaporudi. Pesa zisizodaiwa zinunue kinu kimoja. Oman, yenye viwanda vya simenti na wahandisi wanaoijua saruj, itume utaalamu, maana hiyo itakuwa zawadi ya kudumu kuliko majengo yenye kibao cha mfadhili. Na sisi tunaojenga nyumbani tumuulize fundi swali moja zaidi: unga wa kioo upo?

Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini walijua kwamba kilichochomwa na kusagwa vizuri hushika. Mwacha asili ni mtumwa. Sisi jina la saruji tumebaki nalo, turudishe na kazi yake.

Wabillahi tawfiq.