Zawadi ya Lord Egerton: Ni Nani Aliyetoa?

Ndugu wafanyi kazi,

Juzi wakati wa chai mwenzetu mmoja wa karakana alisema kwamba matajiri wa leo wangekuwa na moyo wa Lord Egerton wa Njoro, watoto wetu wasingekosa masomo. Wengi waliitikia. Mimi sikuitikia, na naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nieleze sababu.

Kwanza tumpe mtu haki yake. Maurice Egerton, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1874, alikuwa bwana mwenye mali ya urithi, hana mke wala mtoto. Mwaka 1939 alitoa eka 740 huko Njoro ili iwepo shule ya ukulima. Shule ikawa chuo mwaka 1950. Mwaka 1958, ndio mwaka aliokufa, zikaongezwa eka 1,100, na tangu 1987 ni Chuo Kikuu kamili. Walikuwapo walowezi wengi wenye mashamba makubwa ambao hawakutuachia hata ubao wa kuandikia.

Lakini shule ile ya 1939 ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya vijana wa Kizungu peke yao. Mtoto wa mtu aliyelima hapo hakuwa na kiti darasani. Mlango ulifunguliwa kwa watu wa rangi zote baada ya bwana mwenyewe kufa, Uhuru ukikaribia, wakati watu weusi walipokuwa wakidai haki zao kila mahali, na vyama vya wafanyi kazi vikiwa mstari wa mbele.

Na ardhi yenyewe je? Kwa mapatano ya 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa wakae mbali na reli, reli hii hii yetu, na nchi ikagawiwa walowezi. Kisha sheria ya 1918 ikamtaka mskwota amfanyie bwana kazi si chini ya siku 180 kila mwaka. Piga hesabu, ndugu. Kwa miaka 20 ni siku 3,600 za mtu mmoja. Mke na watoto hujawahesabu. Katika nchi ya mashamba ya namna hiyo, mtu akitoa eka 740, ametoa na siku za watu wengine.

Tazameni pia jumba lake la mawe, lenye vyumba 52. Lilianza kujengwa 1938, likakatizwa na vita, likaisha 1954. Akakaa humo miaka minne tu! Wazee husimulia kwamba hakutaka mwanamke akanyage kwake. Siku hizi arusi hufanywa pale pale, na vigelegele juu.

Sisemi jina lake lifutwe. Chuo na kiitwe Egerton. Ila jina lake twalijua sote, na ya waashi na wapasua mawe ni nani awezaye kuyataja? Naomba tawi letu la Nakuru liwaandikie wakuu wa Chuo mambo mawili: kibao cha majina ya wajenzi kiwekwe jumbani, na nafasi chache za masomo bila ada zitengwe kwa watoto wa vibarua wa Njoro. Ndugu yeyote ambaye baba au babu yake alifanya kazi pale alete jina kwa katibu kabla ya mkutano ujao. Mimi nimekwisha pata mawili.

Wenu katika kazi,
Mfanyi kazi wa reli, Nakuru