Posa Imekuja na Barua ya Chuo Imekuja: Neno Langu kwa Anayetaka Kusomea Mambo ya Dunia



Siku hizi msimu wa posa na msimu wa kuomba vyuo vinagongana. Matokeo ya kidato cha sita yanatoka Julai, na wazee wa upande wa pili nao hawakawii kupiga hodi. Binti akisema anakwenda kusomea ualimu, uuguzi au uhasibu, nyumba inatulia. Akisema mawasiliano ya kimataifa, au diplomasia, watu wote wanakaa kitako. Mama anauliza hiyo kazi yake nini. Shangazi anasema huyo anataka kusafiri tu. Mchumba hasemi kitu, lakini unamwona anahesabu miaka.

Mimi nasema asome, na akiolewa asome vilevile. Ila sababu ninazozisikia, za wanaokataza na za wanaotaka, zote naziona nyepesi. Wanaokataza wanadhani ni elimu ya viwanja vya ndege. Na wasichana wetu, tusifichane, wengi wanaifikiria hivyohivyo: bendera nyuma, kitambulisho shingoni, picha New York. Kwa hiyo nataka tuipime elimu hii mahali ambapo hakuna mtu wa kukupiga picha. Twende mkoa wa Mara, wilaya za Tarime na Serengeti, kule kunakopakana na Kenya.

Sisi tunaijua Serengeti ya nyumbu na watalii. Lakini wilaya ya Serengeti ina mji wake, Mugumu, na vijiji vyake, na Tarime ndiyo nyumbani kwa koo nyingi za Wakurya. Kule, mwaka ukiwa unagawanyika kwa mbili, Disemba shule zikifungwa, wazee wa mila hutangaza msimu wa kuwatahiri vijana, na wasichana nao hupelekwa kwa ngariba. Kwa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16, wanawake 32 katika kila 100 wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa 2022 ulikuta 28. Idadi imepungua, lakini si kwa kasi ya kumfariji mtu.

Bibi harusi unayesoma haya, sikiliza kwa nini jambo hili linakuhusu. Msichana wa kule akishakatwa anahesabiwa ameiva kuolewa, hata kama ana miaka 13. Ng'ombe wa mahari wanakuja, na wanakwenda kwa baba yake. Aliyekatwa huleta ng'ombe wengi zaidi ya asiyekatwa, ndiyo maana baba mwenye shida huona wembe kama biashara. Sisi Suratun Nisaa, aya ya nne, imetufundisha kuwa mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe, si bei yake. Na mwari wetu anafundwa na somo wake, anakaa ndani, anaambiwa ya usafi, ya mume na ya heshima, anatoka mzima. Na kule wapo wanaofanya mfano wa hivyo: kituo cha Masanga, wilayani Tarime, hupokea wasichana wakati wa msimu, huwafunza, na mwisho huwafanyia sherehe ya kuwavusha bila ya damu. Niliposoma habari za sherehe ile nilisema, wallahi, hawa wangekaa na makungwi wa Unguja wangeelewana kwa nusu saa.

Sasa diplomasia inaingilia wapi? Inaingilia mpakani. Wakurya wako pande zote mbili, Sirari kwa Tanzania na Isebania kwa Kenya, na ukoo hausomi ramani. Tanzania ilipiga marufuku kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Kenya, kwa sheria yake ya 2011, ilikataza kwa mwanamke wa umri wowote, na ikafanya kuwa kosa kumvusha mtu mpaka kwa nia hiyo. Sheria mbili, umri tofauti, polisi wa nchi mbili, na mama mkwe mmoja mwenye ndugu kote kote. Upande mmoja ukikaza, msichana anavushwa upande wa pili. Aprili 2019 wawakilishi wa serikali za Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Somalia walikutana Mombasa kwa ajili ya jambo hilihili. Mtu akikuuliza kazi ya diplomasia ni nini, mwambie ni hiyo: kumfanya askari wa Sirari na wa Isebania wawe na neno moja usiku ambao msichana anatafutwa.

Na kuna hili la ramani, ambalo mimi huwa nalirudia kila nikipata msikilizaji. Mwanamke wa Mara, Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa utotoni na ameyasimulia hayo hadharani, anaendesha nyumba za kuwahifadhi wasichana wanaokimbia wembe, mojawapo ikiwa Mugumu. Shida yao kubwa ilikuwa njia. Simu inapigwa usiku: msichana yuko kijiji fulani, atakatwa alfajiri. Gari lipo, polisi wapo, lakini kijiji hakimo kwenye ramani yoyote. Ndipo wakashirikiana na mradi wa Crowd2Map, ulioanza 2015. Watu wa kujitolea waliokaa majumbani mwao nchi mbalimbali walitazama picha za setilaiti na kuchora barabara na nyumba moja moja za Tanzania vijijini. Lakini mtu aliye mbali anaona paa tu, hajui pale panaitwaje. Majina ya vitongoji, zahanati na maduka yaliongezwa na wenyeji waliotembea na simu zao. Bila ya watu wa kujitolea ramani isingekuwepo, na bila ya wenyeji isingesomeka. Katikati ya hao wawili palihitajika mtu wa kuwafahamisha huyu anahitaji nini na yule anaweza nini.

Huyo wa katikati ndiye msomi ninayemtaka. Suratul Hujurat inatuambia tumejaaliwa mataifa na makabila ili tujuane, na kabla ya hapo, kwenye sura ileile, tumeamrishwa tukiletewa habari tuichunguze kwanza. Kujuana na kuchunguza habari. Ukiondoa ada na mitihani, sijui shahada hii ina nini kikubwa zaidi ya hayo mawili.

Uchunguzi huo unatuhusu sisi Waislamu kwa namna ya pekee. Mtu wa Ulaya akisikia ukeketaji, mara nyingi akili yake inakwenda kwenye Uislamu moja kwa moja. Wakurya wengi ni Wakristo au wanashika mila zao. Ukeketaji wa kule ni wa ukoo, si wa msikiti. Nani atamwambia mtu wa Ulaya? Mwanamke Mwislamu aliyesoma, mwenye hijabu yake, anayejua tarakimu na anayejua dini. Asiyejua dini atasema "haumo kabisa", kisha mtu amfungulie kitabu cha fiqhi ya Kishafi'i amwonyeshe mlango wa khitani wa wanawake, abaki mdomo wazi. Anayejua atasema mjadala huo wa wanazuoni upo, na kwamba kinachofanywa na ngariba, cha kukata na kujeruhi, hakina pa kusimama mbele ya kanuni ya kuondosha madhara. Ataongeza kwamba Novemba 2006 wanazuoni walikutana Al-Azhar, Cairo, wakatamka kwamba ukeketaji hauna msingi katika sharia. Jibu la aina hiyo halitoki kwenye chuo peke yake wala kwenye madrasa peke yake.

Kukeketa si jambo pekee la Tarime lililofika mbali. Mwaka 2013 wanavijiji wa jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara walifungua kesi mahakama ya London dhidi ya kampuni ya African Barrick Gold, juu ya watu waliouawa na kujeruhiwa mgodini. Ilimalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 2015. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia barabara ya lami iliyokuwa ikatishe hifadhi ya Serengeti. Maneno ya mtu wa kijijini yanatoka kwenye Kikurya, yanapita kwenye Kiswahili, yanafika kwenye Kiingereza cha wanasheria, na kila kivuko yanaweza kupotea. Sisi wa visiwani, ambao Kiswahili ndiyo maziwa tuliyonyonya, tungepaswa kuwa wa kwanza kwenye vivuko hivyo.

Wala si jambo geni kwetu. Dk. Salim Ahmed Salim, kijana wa Zanzibar, alikuwa balozi Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, na baadaye akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001. Chuo cha diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, kilichoanzishwa 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji, leo kinaitwa kwa jina lake. Septemba 2021 mwanamke wa Makunduchi alisimama Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kichwa kimefunikwa, akiwa Rais wa nchi. Kwa hiyo anayesema mambo haya si ya mtoto wa kike wa Kizanzibari amechelewa kidogo.

Sasa turudi kwenye ndoa, maana najua ndiyo mnayongojea.

Ukiwa umeposwa na unataka kusoma, sema kabla ya akdi. Si baada ya fungate, si kwa kumtuma wifi. Kuna wanaofikiri ukiweka sharti la kusoma kwenye mkataba wa ndoa basi umemaliza. Wanazuoni wamekhitilafiana: kwa Mahanbali sharti la namna hiyo lina nguvu, ila kwa Mashafi'i, ambao ndio wengi wetu, mume halazimiki nalo kama unavyodhani. Muulize kadhi au shekhe unayemwamini, na usiegemee karatasi peke yake. Egemea kumjua mtu. Mwambie mchumba wazi: miaka mitatu, chuo fulani, nitakaa kwa nani, ada nani atalipa, na likizo nitakuwa wapi. Uso wake ukibadilika hapo, afadhali umeuona sasa.

Na yeye akikuuliza unataka kusomea hayo kwa nini, usimwambie habari za kusafiri. Mhadithie habari ya Mugumu, ya gari linalozunguka usiku likitafuta kijiji kisichokuwa na jina kwenye ramani. Ukiona huna la kusema zaidi ya "napenda tu", basi mimi dada yako nakushauri usubiri mwaka mmoja kabla ya kulipa ada ya watu. Jitolee kwenye redio ya jamii, saidia kituo kinachopokea malalamiko ya wanawake, jifunze kuandika taarifa ambayo mtu wa mbali ataielewa na mwenye jambo ataitambua kuwa ni yake. Kuchora ramani unaweza kuanza hata leo ukiwa Chake Chake, kwa kompyuta na intaneti tu, na huhitaji shahada wala ruhusa ya kusafiri.

Wazazi, nanyi kidogo. Binti akileta barua ya chuo wiki moja na posa, msimlazimishe kuchagua usiku huohuo. Waiteni wazee wa upande wa pili, pikeni chai, ziwekeni barua zote mbili juu ya meza, na yeye mwenyewe awepo chumbani azisikie zikisomwa.