SAFARI YA BUKOBA ISIPANGWE BILA SIKU YA AKIBA



Karafuu zimekwisha anikwa, magunia yamekwisha fika kituoni, na wale waliojaaliwa kupata chochote msimu huu wameanza kunong'ona habari za safari. Wako wanaotaka kwenda kuwatembelea wakulima wa kahawa wa Bukoba, na hasa wataka kufika Nshambya, kwa kuwa baadhi yetu tuna jamaa waliooa huko. Nia hii ni njema, nami naiunga mkono. Mkulima wa karafuu akikaa na mkulima wa kahawa hawakosi la kuzungumza: bei, mvua, wachumaji, na mambo ya chama.

Lakini mpango wa safari niliouona umeandikwa juu ya karatasi moja, siku kwa siku na saa kwa saa, na ndani yake hamna hata nusu siku iliyoachwa wazi. Asubuhi boti kutoka Mkoani, mchana Unguja, jioni Dar es Salaam, usiku ule ule basi, kesho yake Mwanza na kuingia meli ya Ziwa Victoria, kesho kutwa Bukoba. Kurudi ni vivyo hivyo. Waliouandika wamefanya hesabu nzuri ya nauli, nawapa hongera kwa hilo. Hata hivyo mpango huu siukubali, wala sababu yangu si uchovu wa miguu.

Tuutazame kwanza kwa upande wa kawaida. Boti ikichelewa kuondoka Mkoani kwa saa mbili tu, boti ya pili ya Unguja imekwenda zake. Ukifika gatini Dar es Salaam, mabasi ya bara hayapo hapo. Tangu 2021 kituo chao kikubwa ni Mbezi, nje kabisa ya mji, na mwenye mizigo na watoto atapoteza muda mwingi barabarani kabla ya kukiona. Siku hizi lipo treni la umeme liendalo mpaka Dodoma, lililoanza 2024, na steshini yake si mbali na bandari. Mtu aweza kulitumia akakata karibu theluthi ya kwanza ya njia kwa raha, akaendelea na basi. Lakini hata hilo lina saa zake, halimngojei mtu wa boti. Na kutoka Dar es Salaam mpaka Bukoba kwa barabara ni kilometa 1,400 hivi. Masafa hayo hayaendi kwa saa ya mkononi.

Basi, mwenzangu, mtu aliyepanga safari bila nafasi, chombo cha kwanza kikichelewa yeye huanza kukimbia. Akikimbia hachagui. Atapanda chochote kilichopo gatini, kwa hali yoyote kilivyo, maana nauli ya mbele amekwisha ilipa na huko aendako wanamngoja. Hapo ndipo penye neno langu.

Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya Spice Islander I ilitoka Unguja kwenda Pemba, ikazama katika mkondo wa Nungwi. Ilikuwa na ruhusa ya kuchukua abiria 600 na kidogo zaidi. Tume iliyochunguza msiba ule ilieleza kuwa waliokuwamo walipita 2,000. Maiti zilizopatikana ni mia mbili na kitu. Waliopotea wasionekane tena ni zaidi ya elfu. Ilisimuliwa wakati ule kwamba walikuwapo watu walioiona meli ilivyojaa wakakataa kupanda. Mtu hukataa kupanda kama anayo kesho ya kusafiria.

Na msidhani kuwa ziwa ni afadhali. Watu wa pwani tuna kiburi cha maji. Tukisikia ziwa twadhani ni bwawa la mpunga. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupakia tena Kemondo, ilipinduka asubuhi ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Nafasi yake ilikuwa ya abiria 430. Waliokufa wakisiwa kuwa 800 au zaidi, na wengi wamezikwa Igoma, pembeni ya mji wa Mwanza. Tena tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichotengenezewa abiria wapatao 100, kilipinduka hatua chache kabla ya kufika Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Katika misiba yote mitatu chombo kilipakia kupita kiasi. Na katika yote mitatu, walio wengi walikuwa watu wa safari za kawaida: wenye biashara ndogo, wanafunzi, mama na watoto wao, watu wanaorudi makwao.

Najua watakaonijibu. Watasema: kosa la kujaza meli ni la mwenye meli, na kuzuia ni kazi ya serikali, abiria ana kosa gani? Kweli kabisa, abiria hana kosa, wala sikusudii kuwatupia lawama marehemu. Sheria ipo na yafaa isimamiwe, na chama chetu kina haki ya kuisemea kila penye nafasi. Lakini ikiwa siku ile mwenye kusimamia hakusimama, kinga iliyobaki mkononi mwa abiria ni moja tu, nayo ni miguu yake kushuka ngazi. Miguu hiyo hufungwa na karatasi ya safari isiyo na siku ya akiba.

Liko na jambo la majina. Kwenye MV Bukoba abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina, na ndiyo maana mpaka leo hakuna ajuaye hesabu ya kweli ya waliokufa. Kwa Spice Islander nako hesabu ilibishaniwa kwa sababu ile ile. Kwa hiyo, kila mwanachama atakayesafiri ahakikishe jina lake limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, na la mtoto wake pia, hata mchanga wa mgongoni asiyelipiwa nauli. Karani akikwambia mtoto haandikwi, simama hapo hapo mpaka aandike. Wala usinunue tikiti yenye jina la mtu mwingine kwa sababu ni rahisi.

Wengine watasema kuwa siku mbili za kulala njiani ni gharama. Ni gharama, sikatai. Lakini nani kati yetu huzoa karafuu juu ya jamvi siku ya pili kwa sababu tu gari la kwenda kituoni linapita? Twangoja jua la tatu, na la nne likihitajika, na chakula cha siku hizo twakila bila kunung'unika, maana twajua karafuu mbichi ndani ya gunia hugeuka kuwa nini. Iweje tuwe na subira kwa karafuu na tusiwe nayo kwa roho zetu?

Maoni yangu ni kuwa safari iwe na siku mbili za akiba kwenda na moja kurudi. Siku ya kwanza ikae Unguja au Dar es Salaam, baada ya bahari. Ya pili ikae Mwanza, kabla ya ziwa. MV Victoria iliyofanyiwa matengenezo makubwa ilirudi kazini 2020, nayo yasemwa kuwa na nafasi ya abiria 1,200. Lakini siku za meli hubadilika, na anayefika Mwanza siku ile ile ya meli akaikosa hana budi kutafuta njia nyingine kwa haraka. Mwenye siku mkononi ataamua kwa utulivu. Akipenda barabara, sasa ni nyepesi kuliko zamani, kwa kuwa daraja la Kigongo na Busisi, la kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025, na basi halingoji tena kivuko. Litapita Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba mpaka Bukoba.

Wako na wanaosema, twendeni kwa ndege tuyamalize. Mwenye uwezo na aende. Lakini akumbuke kuwa hata huko hali ya hewa ina amri yake. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa ikitua Bukoba iliangukia ziwani, wakafa watu 19. Na waliowahi kufika kuokoa walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao.

Kuhusu motakaa ya kukodi, nasema machache. Haifai kuikodi Dar es Salaam, ni kutupa fedha. Ikodiwe Bukoba kwenyewe, pamoja na dereva wa pale pale, kwa siku mnazoihitaji tu. Nshambya imo ndani ya manispaa, haina haja ya gari kubwa; gari litawafaa kwenda Kemondo, Maruku na Muleba kuona mashamba. Patana bei kabla ya kupanda, mafuta yakiwa ndani ya bei hiyo, na tazama magurudumu kwa macho yako. Mvua ya Bukoba ni nyingi kuliko wengi wetu tunavyodhani, na ukiiacha lami ukaingia njia za vilimani udongo huteleza kama sabuni. Twende kabla ya masika.

Huko mtaona kahawa ikiwa chini ya migomba, katika kile waitacho kibanja, nyumba katikati na shamba limeizunguka. Mtapewa buni zilizokaushwa mzitafune, ndiyo heshima ya mgeni kwao, msiulize sukari. Waulizeni wazee habari za chama chao kikuu, kilichoanza 1950, jinsi kilivyopanda na kilivyoshuka. Tunayo mengi ya kujifunza hapo kuliko katika kupiga picha ufukoni.

Naomba basi kamati iirudishe karatasi ile na kuiandika upya kabla fedha za nauli hazijakusanywa. Tena kila msafiri amwachie katibu majina yote ya watu wake, pamoja na jina la chombo na siku atakayopanda, na siku ikibadilika apige simu. Siku mbili za kulala zigharimiwe na mfuko wa safari kwa wote, ili asiwepo mnyonge atakayelazimika kupanda meli iliyojaa kwa kukosa fedha ya kitanda.