Achumaye Chai Si Alipwaye

Kila ifikapo Oktoba, mjadala wa bonasi ya chai huzuka upya katika Kisii na Nyamira. Huulizwa kwa nini mkulima wa magharibi ya Bonde la Ufa hulipwa kidogo kuliko mwenzake wa mashariki. Swali hilo ni halali. Hata hivyo, mimi nina jingine ambalo aghalabu halijadiliwi: bonasi ikishafika Sironga, huingia mfukoni mwa nani?

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika mashamba yetu, wanaoamkia umande kuchuma majani mawili na chipukizi, kisha wakabeba vikapu hadi kituoni, wengi wao ni wanawake. Lakini malipo hufuata jina lililoandikishwa kiwandani, na jina hilo kwa kawaida ni la mume, kwa kuwa hati ya shamba ni yake.

Haya hayakuanza na babu zetu. Ardhi ilikuwa ya wanaume tangu zamani, nakiri. Walakini kila mke alikuwa na konde lake, na nafaka yake ilikuwa riziki ya nyumba yake. Palipohitajika nguvu nyingi, majirani waliitana kwa risaga. Kisha ukaja Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliohimiza mazao ya biashara na uandikishaji wa mashamba kwa hati. Mwaka 1964 KTDA ikaundwa kuwahudumia wakulima wadogo, na mwaka 2000 ikageuzwa kuwa kampuni ya binafsi inayomilikiwa na wakulima kupitia viwanda vyao. Chai hailiwi kama wimbi. Ni lazima igeuzwe fedha, na fedha hizo hupitia jina moja. Jina hilo ndilo lenye hisa, na ndilo linalopiga kura kuwachagua wakurugenzi wa kiwanda.

Yamkini msomaji atasema kwamba sheria imekwisha kurekebisha mambo. Ni kweli kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi ya shambani kuwa mchango katika mali. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwanandoa hapati nusu moja kwa moja. Sharti athibitishe mchango wake. Mama aliyechuma miaka ishirini atathibitishaje, ilhali kila stakabadhi ya kilo alizopeleka ina jina la mwingine?

Wapo watakaodai kwamba hayo ni mambo ya nyumbani na kiwanda hakina haki ya kuyaingilia. Mbona kiwanda hukata bei ya mbolea katika malipo ya familia nzima? Kimekwisha kuingia nyumbani. Napendekeza viwanda viwahimize wanandoa waandikishwe kwa pamoja, au mke apewe nambari yake kwa sehemu ya michai anayoitunza. Hatua hiyo haimnyang'anyi mume shamba lake. Inaandika tu kazi ambayo kila mtu huiona ikifanyika.

Walimu wenzangu tunafundisha kwamba mali huzaliwa na ardhi, mtaji na kazi. Wanafunzi wetu, ambao wengi karo yao hutokana na majani hayo, wanastahili pia kuulizwa: katika daftari la kiwanda, kazi imeandikwa wapi?