Apareyi ya sendika: tuchukue ile yenye inajua fasi iko



Kuko mambo yenye inaonekana sawa mambo ya batajiri, kumbe inatuangalia sisi. Mu sendika yetu tunabishana sasa juu ya apareyi ya foto. Zimebaki mbili ku meza, zote mbili Nikon, zote mbili za okazyo: D5300, yenye ilitoka ku mwisho wa mwaka 2013, na D5500, yenye ilitoka ku mwanzo wa 2015. Feza yenye itaenda pale ni michango yenu, inakatwa ku mushahara. Kwa hiyo muko na haki ya kujua. Mimi niko upande wa ile ya zamani, na wengi mu komite habako upande wangu.

Tuseme kwanza hii apareyi ni ya kazi gani. Haiko ya ndoa, haiko ya kupiga bashefu foto siku ya mei mosi. Ni ya kupiga foto ya inchi yenyewe: milima, mito, miti, mashimo, ile yenye Bafransa banaita paysage. Mutoto mwenye kuzaliwa juzi ku Kolwezi anafikiri ile milima ya mawe na mabaki iko pale tangu Mungu aumbe dunia. Ku Lubumbashi, terril imekuwa kitambulisho ya muji, batu banaiweka mpaka ku kalenda, wakati ni takataka ya fonderi. Macho inazoea mbio. Ba mama benye banafua na kulima ku mito yetu banajua mayi ilibadilika, lakini ukibauliza ni mwaka gani na ni mupaka gani, kila mutu anajibu yake.

Code minier ya 2002, ile yenye ilibadilishwa mu 2018, inaomba kampuni ifanye masomo juu ya mazingira mbele ya kuchimba, na irudishe udongo mu hali ya kufaa kisha kazi. Muzuri. Lakini siku ya kuuliza "mbele ilikuwa namna gani?", bengine banakuja na karte na vitabu vya rangi, na sisi tunakuja na midomo paka. Foto ya leo ni jibu ya kisha miaka kumi. Njo kazi ya apareyi.

Sasa, kwa foto yenyewe, hizi mbili ni mapacha. Zote mbili ziko na pikseli milioni 24, kapteri ya kipimo kimoja, milimetre 23.5 kwa 15.6, na zote mbili habakuweka ile filtre ya mbele yenye inapunguza ukali wa foto. Weka apareyi ku miguu tatu, ISO 100, diafragme f/8, usiifinye na kidole lakini tumia minuteri ya sekunde mbili. Kisha chapa zile foto mbili. Mutu mwenye ataniambia hii ni ya D5500 na hii ni ya D5300 bila kuangalia nyuma, nitamulipia Simba ya baridi. Bakamaradi benye banasema ile mupya "inaona mbali zaidi" banachanganya apareyi na objektifu. Objektifu ni ile moja, 18-55, kwa zote mbili.

Tofauti ziko pembeni. D5500 ni nyepesi gramu 60, sawa yai moja. Ekra yake unaigusa na kidole sawa telefone, na vijana ba komite njo kile banapenda. Ni kitu kizuri, sikatae. Lakini mutu mwenye kutoka mu pori na vidole vya vumbi na jasho, ekra ya kugusa itamusaidia nini? Na mulima haukimbie. Uko na wakati wa kufinya buto.

Batri, pale D5500 inashinda kweli: kwa kipimo cha fabrike, foto 820, na D5300 foto 600. Lakini foto za milima, kwa siku moja utapiga ngapi? Makumi, labda mia. Tena batri ni ya aina moja kwa zote mbili, EN-EL14a. Ukinunua ya pili, mabishano imeisha.

Na hapa tunafika ku jambo. D5300 iko na GPS ndani yake. D5500 haina. Nikon yenyewe iliiondoa, labda walifikiri mutu wa Paris au Tokyo anajua fasi iko. Sisi tunahitaji ile kitu kuliko ingine yote. Foto ya mto wenye mayi ya rangi ya kutu ni huzuni tu kama hakuna mutu anaweza kuonyesha ni mto gani, ngambo gani, karibu na bomba ya nani. Na D5300, kila foto inabeba ndani yake namba za fasi, na unaweza kuiamuru ichukue saa na tarehe ku setilaiti, ili kusikuwe tena mutu wa kusema saa ya apareyi ilikuwa ya uongo. Mwaka unaofuata, mutu mwingine, hata mwenye hajafika pale hata siku moja, anafuata zile namba na anasimama karibu pale pale. Fishie inamuambia pia objektifu ilikuwa ku milimetre ngapi. Anapiga. Unaweka mbili pamoja, na batoto baone.

Bengine banajibu: D5500 inakubali GPS ya pembeni, GP-1A, unaichomeka na kamba. Ni kweli. Lakini hiyo ni kitu ya pili ya kununua, kitu ya pili ya kusahau ku nyumba, na kamba yenye itakatika siku ya kwanza ya mvua.

Bengine: telefone zetu ziko na GPS, tuache kupoteza feza. Hii ndiyo neno yenye inanigusa zaidi, juu mushahara tunajua. Kwa ajali ndani ya kazi, kofia yenye kupasuka, kamyo yenye kukosa frei, telefone inatosha, na inafaa kutumiwa mbio. Kwa mulima wenye uko kilometre tatu, wa kupigwa kila mwaka namna moja, telefone haitoshi. Kapteri yake ni ndogo, mbali inakuwa uji. Na telefone ni ya mutu: inaibiwa, inauzwa, inaanguka mu bafu, na foto ya sendika inaenda nayo. Halafu iko WhatsApp. Ukituma foto kwa WhatsApp namna ya kawaida, inaifinya na inafuta zile namba za fasi. Unabaki na picha ya udongo mwekundu, na udongo mwekundu uko Katanga muzima.

Lazima niseme pia hatari. Kitu yenye inajua fasi iko, inajua pia nyumba ya delege iko wapi. Siku ya mukutano, siku ya kutembelea mugonjwa, GPS izimwe. Inakula batri pia kama unaiacha inawaka. Na ku pori, simama na ungoje chini ya mbingu wazi mpaka alama ya setilaiti ikamate. Chini ya miti na karibu na kuta inachelewa. Tupige kutoka barabara ya wote, si ndani ya uzio wa kampuni bila barua. Sitaki kamaradi alale ku kashio juu ya foto.

Mwanasheria wa upande mwingine atasema zile namba zinaweza kubadilishwa ku ordinateri. Ni kweli, zinaweza. Kwa hiyo apareyi haitoshi peke yake. Foto zipigwe mu NEF, ile fishie nzito yenye haijapikwa, na JPEG pembeni. Karte ya kwanza isifutwe, iwekwe mu bahasha na tarehe, na batu babili batie sahihi mu kaye, moja wa sendika na moja wa kambi. Mimi ningependa wa kambi akuwe mama mwenye anachota mayi pale.

Mara mbili kwa mwaka inatosha: mwisho wa mvua, wakati majani yote iko kijani, na mwisho wa kiangazi, wakati kila kitu kinaonekana uchi. Lakini kwa kiangazi mungoje asubui, mbele vumbi na moshi wa mapori haijapanda.

Ku kununua: apareyi ya okazyo ifunguliwe mbele ya macho. Pigeni foto ya mbingu ku f/16, muangalie kama kuko madoa meusi. Mubandue objektifu, muangalie kama kuko kuvu ndani ya vioo. Muwashe GPS inje ya duka, si ndani, na mungoje mpaka ikamate. Kama haikamate, mumurudishie mwenye duka apareyi yake. Na kama D5300 itapatikana kwa bei ndogo kuliko ile ingine, ile feza yenye itabaki isirudi mu kasha. Inunue miguu tatu ya nguvu, ya chuma, na batri ya pili. Komite inakaa siku ya posho. Benye walitoa mchango bako na ruhusa ya kuingia na kusema.