Kiti Kiseme Kabla ya Kidonda

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu,
Nairobi.

KUH: VIHISI VYA KUZUIA VIDONDA VYA MGANDAMIZO

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni fundi wa simu huku Huruma, na kibanda changu hakiko mbali na soko la mbuzi la Kiamaiko. Natumia kiti cha magurudumu tangu nilipoanguka mjengoni nikaumia uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini sihisi baridi, msumari wala moto.

Jumamosi moja wateja walijaa, nikaketi asubuhi hadi usiku bila kujiinua. Mke wangu aliponivua suruali aliona alama nyeusi kwenye kalio la kushoto, ndogo kama kifuniko cha soda, ngumu na yenye joto. Tulikuwa tumeambiwa tuangalie wekundu. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu, wekundu haukuonekana. Wiki iliyofuata ngozi ilipasuka, na ndani palikuwa na shimo la kuingiza kidole. Nililala kifudifudi miezi saba. Kibanda kilifungwa, na mtoto akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Kidonda cha mgandamizo kama hiki mara nyingi huanzia ndani. Mfupa wa kalio hukandamiza nyama dhidi ya kiti, mishipa midogo hubanwa, damu haipiti, nyama hufa njaa. Mwenye hisia hujisogeza hata akiwa usingizini. Sisi hatupati onyo. Wala si tatizo la maskini peke yao: Christopher Reeve, yule mwigizaji wa Superman, alikuwa akitibiwa kidonda cha mgandamizo kilichoingia maambukizi alipofariki Oktoba 2004, licha ya uwezo wake wote.

Leo nimefunga simu kuukuu kwenye mkono wa kiti changu. Hulia kila baada ya dakika ishirini, nami hujiinua au kuinama mbele kwa dakika mbili hivi. Lakini simu hiyo huhesabu muda tu. Haijui kama nimejiinua au nimeizima kwa sababu mteja ana haraka. Haijui kwamba nimeegemea upande mmoja tangu saa nne.

Kihisi kingejua. Ni utando mwembamba unaowekwa kwenye mto wa kukalia. Ukikandamizwa, umeme hupita ndani yake kwa urahisi zaidi. Kompyuta ndogo husoma badiliko hilo, huhesabu dakika, kisha hutetemesha simu: sogea, upande wa kushoto umeelemewa. Kwenye kliniki zenye mikeka ya aina hii, mgonjwa huona makalio yake kwenye skrini, pekundu palipoelemewa na buluu palipo salama. Mimi hushika vihisi vya simu kila siku kwa koleo. Najua kwamba vitu hivi si miujiza.

Najua pia kwamba kihisi hakimwinui mtu. Bila mto mzuri na mafunzo, kitakuwa kengele ya kutangaza msiba. Ndiyo maana naomba mambo matatu kwa pamoja.

Kwanza, kila kiti kinachotolewa kupitia Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu kitoke na mto unaomfaa mtumiaji, na yeye na mlezi wake wafunzwe kukagua ngozi. Kiti changu cha kwanza, nilichopewa na wafadhili, kilikuwa na turubai tupu.

Pili, fanyeni jaribio la vihisi pamoja na watu wanaoruhusiwa kutoka Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo. Lifike huku Eastlands, kwenye maghorofa yasiyo na lifti, ambako mtu akishashushwa asubuhi hukaa kitini hadi apate wa kumpandisha. Mafundi wa mtaani wafunzwe kuvitengeneza, visije vikalala kabatini betri zikifa.

Tatu, zungumzeni na Mamlaka ya Afya ya Jamii ili mto na kihisi vihesabiwe kuwa matibabu. Kifungu cha 54 cha Katiba kinatupa haki ya kupata vifaa vya kukabiliana na vizuizi vya ulemavu wetu. Na upasuaji wa kufunika mfupa ulio wazi ni mzigo kwa kila mtu, ikiwemo serikali.

Hapa Huruma tunajua gharama ya onyo lisilofuatwa. Jengo lililoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu wapatao hamsini lilikuwa limeshatajwa kuwa hatari. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi wengine ufa wetu uko mahali tusipoweza kupaona wala kupahisi.

Karibu kibandani, Mkurugenzi. Tukiwa tunazungumza simu ile italia, nami nitashika mikono ya kiti na kujiinua mbele yako. Nataka uone kazi hiyo, halafu ufikirie siku ambayo nitakuwa nimechoka na kuizima.

Wako mwaminifu,

Fundi wa simu na mtumiaji wa kiti cha magurudumu,
Huruma, Nairobi.