Tuzinase Amplifaya Kabla Hazijazimika

Kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam zimetutunzia nyimbo za NUTA Jazz, Morogoro Jazz na bendi nyingine nyingi za dansi. Zilichotunza, hata hivyo, ni upigaji wa siku ile tu. Sauti ya gitaa la umeme haitoki kwenye nyuzi peke yake. Sehemu yake kubwa huzaliwa ndani ya amplifaya, na amplifaya za valvu zinazeeka: kapasita hukauka, valvu huchoka. Bendi au studio yenye amplifaya kongwe iliyo hai inapaswa kuinasa kidijitali sasa, ili mpigaji wa kesho aitumie. Gharama si kikwazo kama mwaka 2011, Kemper ya Ujerumani ilipoleta chombo chake cha kunasia. Leo Neural Amp Modeler, programu inayofanya kazi hiyo, ni ya bure.

Kazi yenyewe iko kwenye waya, na hapo ndipo vitu huungua. Kompyuta hutoa sauti ya majaribio kupitia kadi ya sauti, nayo hupitishwa kwenye kisanduku kinachoipunguza nguvu ilingane na ya gitaa, ndipo iingie kwenye amplifaya. Tundu la spika lisiunganishwe kamwe moja kwa moja na kadi ya sauti, maana umeme wake ni mkubwa mno. Wala amplifaya ya valvu isiwashwe bila spika, kwani transfoma yake inaweza kuungua. Ama iachwe na spika yake, maikrofoni ikae mbele ya spika, ama ifungwe kisanduku cha mzigo chenye omu zinazolingana, 8 kwa 8, kilicho na tundu la kupeleka sauti kwenye kadi. Programu hulinganisha kilichoingia na kilichotoka, ikajifunza tabia ya amplifaya.

Wapo wanaosema nakala haifikii chombo chenyewe. Wana hoja: kwa kawaida unasaji mmoja hushika mpangilio mmoja tu wa besi, trebo na sauti, na mwangwi haunaswi vizuri. Lakini dawa yake ni kunasa mara nyingi, na amplifaya ikishaungua hakutakuwa na cha kulinganishia. Wengine hutosheka na sauti za amplifaya zilizokwisha kunaswa, zilizojaa intaneti. Nyingi ni za roki, zenye mkwaruzo mzito, ilhali solo la dansi linataka sauti safi inayong'ara. Basi mwiteni mpiga solo mwenyewe apange amplifaya apendavyo, andikeni kila kipimo, kisha mnase.